Mbu Wangu na Kamera ya Vaileth

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Daktari Ansbert amegawa madaftari mapya ya kazi, na mie nimepata mawili yaliyogandana. Moja litakuwa la mbu. Hili la pili nalichukua nyumbani Temeke, litakuwa langu.

Makasha yamefika leo. Matatu, ya mbao, yamebandikwa karatasi nyekundu za tahadhari kila upande. Tumeyashusha taratibu kama watu wanaomshusha mgonjwa. Ndani mna kamera ambayo Daktari ameisubiri miaka miwili, pamoja na kompyuta yake. Anasema inapiga picha elfu moja kwa sekunde moja. Televisheni yetu sebuleni inaonyesha ishirini na tano tu.

Niandike kazi yangu, maana hata majirani huwa hawaniamini: mie nafuga mbu. Kituo chetu cha utafiti kipo Mikocheni, nyuma ya kiwanda cha masufuria. Ni mbu wale wa malaria, ila wangu hawana malaria, ni safi. Viluwiluwi vya kwanza nilivichota mwenyewe kwa kata mwaka 1986, kwenye madimbwi ya Mbezi Luis, na mpaka leo ni ukoo uleule, vizimba kumi na viwili. Nawalisha kwa mkono wangu, wananyonya damu yangu. Chumba chao nimekigeuzia saa: usiku nawawashia taa, mchana nawazimia, ili wang'ate wakati sie tupo kazini.

Mwezi wa sita Daktari aliniambia mbele ya watu, "Mashine ikija, Somoe, wewe ndiye utakayeishika." Nimempikia mume wangu Kondo pweza leo bila sababu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Amekuja msichana, Vaileth. Mtu wa Tukuyu, miaka ishirini na mitano, ana stashahada ya kompyuta. Kanipa shikamoo kwa mikono miwili. Nikaitikia, nikamwonyesha choo, nikamwonyesha pa kutundika mwavuli. Nikadhani ni mhasibu.

Saa nne Daktari katuita. "Huyu ndiye atakayeendesha kamera."

Nikauliza, "Na mie, Daktari?"

"Wewe ndiye tutakayekupiga picha. Yaani mkono wako. Hakuna mkono mbu wanaoupenda kama wako, Somoe, unajua mwenyewe."

Kasema hivyo huku akicheka, kama mtu aliyenipa zawadi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua. Vuli imewahi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Sasa nimeelewa mpango mzima. Katika chumba cha giza kuna kitanda cha kamba chenye chandarua kilichotiwa dawa. Mie nalala ndani, mkono nimeuweka karibu na chandarua bila kukigusa. Mbu wanafunguliwa. Wanasikia harufu ya mkono, wanatua kwenye chandarua. Daktari anataka kujua mbu anapotua, miguu inagusa ile dawa kwa muda gani kabla hajaruka tena. Jicho la mtu haliwezi kuona jambo hilo. Wafadhili wanataka vipande ishirini vya picha safi mpaka mwisho wa Januari, la sivyo mradi unafungwa.

Mpiga picha hawezi kukaa humo ndani. Pumzi yake itawavuta mbu, watamwendea yeye. Kwa hiyo kamera iko peke yake kwenye miguu yake mitatu, na waya umepitishwa kwenye tundu la ukuta mpaka chumba cha pili. Huko ndiko aliko Vaileth, na kompyuta, na kiyoyozi. Akibonyeza kitufe kule, huku lenzi inazunguka. Akibonyeza kingine, kamera inageuza shingo. Mara ya kwanza niliposikia inajigeuza gizani nilisema bismillahi.

Kuna spika ukutani. "Dada Somoe, sogeza mkono kushoto kidogo."

Nikasogeza.

Jumanne, 21 Oktoba

Hajapata kitu. Raha yangu naiandika hapa, mahali pengine siwezi kuisema.

Ijumaa, 24 Oktoba

Hajapata tena. Daktari katueleza tatizo. Kamera haiwezi kuhifadhi picha zote hizo, ni nyingi mno. Inakumbuka sekunde mbili za mwisho tu, zilizobaki inafuta. Basi mbu akitua, Vaileth abonyeze papo hapo ili zile sekunde mbili zibaki. Akichelewa, mbu amekwisha ruka, na kilichobaki ni chandarua kitupu.

Naye anachelewa. Kwenye kioo cha kompyuta mbu anaonekana kama punje ya ufuta. Mpaka amwone, akili iamini, kidole kishuke, mbu kaondoka.

Kuna jambo nalijua ambalo sijalisema. Mbu akitaka kutua, sauti yake inashuka. Ni kidogo sana, kama mtu anayepunguza neno mwishoni. Ndipo anatua. Nimelala na sauti hizo miaka kumi na moja. Ningeweza kumgongea kitanda kila inaposhuka, akajua wakati.

Sijaulizwa.

Jumamosi, 1 Novemba

Binti yangu Farida kauliza leo wakati tunachambua mchele, "Mama, ni kweli kazini kwenu kuna sista anaendesha kamera kwa kompyuta akiwa chumba kingine?" Nani kamwambia? Baba yake, bila shaka. Kondo anatengeneza friji za mitumba pale Tandika, na habari nikimpa asubuhi, mchana friji zote za Tandika zinazo.

"Ni kweli."

"Mie nataka kuwa kama yeye."

Ana miaka kumi na minne. Tangu azaliwe hajawahi kusema anataka kuwa kama mie.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua haikatiki. Redioni wanaiita El Nino.

Alhamisi, 13 Novemba

Leo nitaandika mengi.

Nilikuwa nimelala kwenye kitanda tangu saa tatu. Jasho, giza, ile taa nyekundu ambayo mbu hawaioni. Kama saa nne na nusu nikasikia mmoja anashuka, akatua karibu na kifundo cha mkono. Mara kwenye spika ukelele: "Nimempata! Daktari! Nimempata!"

Nikasikia viti vinaburuzwa, miguu inakimbia, Eufrazia mfagizi anaitwa, hata mlinzi kaitwa kutoka getini. Makofi. Mtu kasahau kuzima spika, kwa hiyo nikasikia yote. "Tazama miguu! Tazama inavyokunjika!" Daktari anacheka kama mtoto. "Vaileth, wewe ni hazina."

Mie nimelala. Tuna kanuni: mtu wa kitandani haondoki mpaka aambiwe, asije akawatoa mbu mlangoni. Basi nikasubiri niambiwe. Mbu wakinipigia kelele sikioni, mkono umekufa ganzi. Nikahesabu moyoni, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Eufrazia ndiye aliyeuliza mwishoni, "Dada Somoe yuko wapi?"

Dakika ishirini na tano. Nilitazama saa ya ukutani nilipotoka.

Vaileth kanikimbilia, kanishika mikono. "Dada, samahani, furaha imenichanganya! Njoo uone." Nikasema naenda kunawa kwanza. Nikakaa chooni mpaka wakatawanyika.

Jumatatu, 17 Novemba

Daktari kanilazimisha nitazame. Nikakaa kwenye kile kiti, Vaileth kasimama nyuma yangu.

Ni mkono wangu. Vinyweleo vimesimama kama matete ya mtoni. Halafu anaingia yeye kutoka juu, polepole, kwa namna ambayo hakuna kiumbe kinachoshuka hapa duniani. Miguu ya nyuma imeinuliwa. Mguu mmoja wa mbele unagusa uzi wa chandarua, unaondoka, unagusa tena, kama mtu anayepima joto la maji ya kuoga. Kisha yote.

Machozi yalinitoka. Nimewazaa hawa, nimewanywesha damu yangu, nimewafukia. Sijawahi kuwaona wakitua. Na aliyewaona kwanza ni mtu wa wiki sita.

Chini ya kioo kuna jina la kipande: V.M. 01. Nikamuuliza ni nini.

"Ni herufi zangu, dada. Kompyuta inataka kila kipande kiwe na jina, nikaweka lolote."

Lolote.

Jumatano, 19 Novemba

Nyumbani kuna chupa ya mafuta ya mwarobaini, mama mkwe aliileta kwa ajili ya ukurutu wa Kondo. Asubuhi nimejipaka mkononi, kidogo sana, nikafuta kwa kanga mpaka harufu ikafifia. Pua ya mtu haisikii kitu. Mbu wanasikia.

Wamezunguka saa tatu nzima. Hakuna aliyetua.

"Dada Somoe, leo wana nini?" spika ikauliza.

"Sijui, mdogo wangu. Mbu nao wana siku zao."

Alhamisi, 20 Novemba

Nimepaka.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimepaka. Unyevu asilimia 88. Mafuriko Jangwani, nimefika kazini nimelowa mpaka kiunoni. Vaileth kanipa kanga yake nibadilishe. Nimeivaa siku nzima juu ya mkono wenye mafuta.

Jumatano, 26 Novemba

Leo sikupaka, wasije wakashtuka. Kapata kipande cha pili. Kafurahi mpaka nikajuta.

Alhamisi, 4 Desemba

Daktari kaamua kukaa kwenye kompyuta mwenyewe aone shida iko wapi. Nilijua tangu jana. Sikupaka. Nikanawa mkono kwa sabuni ya kufulia, nikautoa nje ya kanga njia nzima upate jua kidogo lililokuwepo.

Mbu walinijia kama watu wa harusi. Daktari alichelewa kubonyeza karibu kila mara, kapata kimoja tu kati ya tisa, lakini hakujali. Nikamsikia kwenye spika akimwambia Vaileth, "Unaona? Mbu wapo. Wewe unafanya nini nao?"

"Sijui, Daktari. Nikikaa mimi hawaji."

"Mbu hawajui nani kakaa kwenye kompyuta, Vaileth."

Mchana niliingia stoo kuchukua pamba nikamkuta kakaa juu ya ndoo, kajifunika uso na koti la maabara. Hakuniona. Nikarudi nyuma na mlango nikaurudishia bila sauti. Utamu wa kumwona vile ulidumu mpaka kituo cha basi. Baada ya hapo sikusikia utamu wala uchungu.

Jumanne, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Mvua. Kondo kalala.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimepaka. Kila siku najiambia kesho nitaacha. Halafu nafika, namkuta kakaa kwenye kiti kile cha kuzunguka, kavua viatu, kidole juu ya kitufe, na kamera iko chumba kingine inamtii. Natamani ningeijua kamera hiyo inavyotii. Hapo naingia chooni na kichupa.

Jumanne, 23 Desemba

Vaileth haendi Tukuyu Krismasi, barabara imekatika. Eufrazia kamwalika kwake Segerea. Mie sikumwalika.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Mwaka mpya, na mwezi umeandama jana. Tumefunga.

Kondo ananitania, "Mbu akikunyonya kazini si unafungua?"

"Kunyonywa hakufunguzi."

"Basi bora. Mtu afuturu na mbu wake kashiba."

Ijumaa, 2 Januari

Nimepaka. Nikajiambia mafuta ya kupaka juu ya ngozi hayafunguzi. Nimesimama mbele ya kioo cha choo nikajibu swali ambalo hakuna aliyeniuliza.

Jumatano, 7 Januari

Mambo yamegeuka.

Daktari kaniita ofisini kwake, kafunga mlango. Vipande vimefika vinne tu, wiki tatu zimebaki. Kasema amefikiri sana. Mkono ni uleule. Kamera ni nzima. Chandarua kimepimwa. Kilichobaki ni mbu wenyewe. "Ukoo huu umekaa vizimbani miaka kumi na moja, Somoe. Nadhani wamechoka. Wamepoteza hamu ya mtu. Siku moja wanakuja, siku tano hawaji, huyo si mbu wa kufanyia utafiti."

"Daktari, wamezubaa tu, ni hali ya hewa."

"Nimeomba mayai ya ukoo mpya kutoka bara. Jumatatu saa tatu tutawagandisha hawa wote kwenye friza tusafishe vizimba. Najua inakuuma. Ndiyo maana nimekuita peke yako."

Nilitoka nikaenda kwenye chumba changu. Vizimba kumi na viwili, kila kimoja kinavuma kwa sauti yake, navijua hata mtu akinifunga macho. Nikaweka mkono usio na mafuta, ule wa kushoto, kwenye kizimba cha saba. Wakaujaa papo hapo, mkono mzima ukawa mweusi. Hawajachoka. Hawajapoteza kitu.

Ijumaa, 9 Januari

Nilikuwa nje ya ofisi nikisubiri kusainiwa fomu, mlango haukufungwa vizuri. Sauti ya Vaileth.

"Daktari, usiwaue mbu wa dada Somoe. Hawana kosa. Mbona kwako walikuja? Kosa ni langu, sijui ni lipi lakini ni langu. Mkataba wangu ukatishe, mtafute mwingine wa kompyuta. Yeye akiwakosa wale atabaki na nini?"

Daktari kasema ameshaamua.

Sikusubiri fomu. Nimerudi nyumbani na futari imenishinda, nimekunywa uji tu. Kondo kaniuliza mara tatu nina nini. Mara tatu nimesema kichwa.

Jumatatu niseme. Nitawahi, kabla ya saa tatu nitakuwa mlangoni kwake.

Jumatatu, 12 Januari

Nilitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumamosi bila kupumua. Tulipofika bondeni basi likasimama, maji yamepita juu ya daraja, polisi wamefunga njia. Nikashuka. Nikazungukia Kigogo kwa miguu, viatu mkononi, tope mpaka magotini, nikidandia gari la mchanga kipande, nikitembea kipande. Saa tatu ilinikuta bado Magomeni. Saa nne kasoro dakika tano nikaingia getini.

Friza kubwa iko kwenye korido. Daktari kasimama, daftari mkononi. Vaileth kakaa chini, ameegemea ukuta. Pembeni, juu ya meza, vizimba vinane, kitambaa cheupe cha kila kimoja kimelegea. Ndani, chini kabisa, vumbi jeusi. Lilikuwa ni wao. Karai za viluwiluwi zilikuwa zimemwagiwa maji ya moto.

"Vile vinne viko wapi?"

"Humo," Daktari kasema. "Vimeingia kama dakika kumi zilizopita. Somoe, umelowa, nenda kabadi—"

"Vitoe."

"Tulishakubaliana."

"Vitoe, Daktari. Mbu hawana kosa. Ni mie. Nilikuwa napaka mafuta ya mwarobaini mkononi."

Nilidhani nitalisema neno hilo kwa kilio. Likatoka kama mtu anayetaja namba ya nyumba.

Daktari hakuelewa kwanza. "Unapaka wakati gani?"

"Kabla ya kuingia kitandani. Tangu Novemba. Siku uliyokaa wewe sikupaka."

"Kwa nini?"

Nikamtazama Vaileth, yeye akanitazama. Nadhani Daktari alielewa hapo, kwa sababu alivua miwani akabaki ameishika.

Vaileth ndiye aliyeinuka. Alifungua friza akavitoa vile vizimba vinne, kimoja kimoja, akaviweka juani, yaani pale ambapo jua lingekuwepo kama si mvua, dirishani. Mbu wote walikuwa wamelala chini, miguu juu. Nikapiga magoti nikaweka pumzi yangu kwenye kitambaa, haah, haah, kama mtu anayepasha mikono. Yeye akapigia kingine magoti, akafanya hivyohivyo. Hatukutazamana.

Ilipita robo saa. Kisha mguu mmoja, mwembamba kama unywele, ukajikunja. Ukanyooka. Na mwingine. Kizimba cha kumi na moja kikaanza kuvuma, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa vibaya.

Vinane vimekufa. Vinne vimeamka.

Daktari kasema, "Nenda nyumbani, Somoe. Kama si miaka kumi na moja, leo ningekutoa kwenye geti hilo na nisingekuita tena. Nenda mpaka nitakapokuandikia."

Jumanne, 13 Januari

Nimemwambia Kondo yote. Akacheka kwanza, Mungu amsamehe. "Yaani kazini umewafukuza mbu, na hapa nyumbani wanatumaliza?" Kisha akaniona uso, akaacha. Akauliza, "Na huyo binti alikukosea nini?"

Nikatafuta. Nimetafuta mpaka adhana ya magharibi. Alinipa shikamoo, alinipa kanga. Alisahau kuzima spika.

Ijumaa, 16 Januari

Barua haijaja. Nimefua mapazia yote, hayakauki.

Jumamosi, 17 Januari

Dereva wa kituo kaleta barua mpaka Temeke. Mistari miwili, mwandiko wa Daktari: "Ripoti Jumatatu saa mbili. Hili ni ombi la Vaileth, si langu."

Jumatatu, 19 Januari

Eufrazia kaniambia getini yaliyotokea. Walijaribu mkono wake yeye Eufrazia, mbu wachache wakaja, lakini hawezi kutulia, alikuwa anajikuna. Walijaribu mkono wa mlinzi, hawakuutaka. Vipande bado vinne. Ndipo Vaileth akaenda kwa Daktari.

Alikuwa ananisubiri kwenye sinki. Nikaanza, "Vaileth, mdogo wangu, mie—"

"Lete mkono."

Akaniosha kwa sabuni mwenyewe, mpaka kwenye kiwiko, mara mbili. Akafuta kwa kitambaa cheupe, akakitazama kwenye mwanga. Kisha akainama akanusa mkono wangu kama mtu anayenusa samaki sokoni. Eufrazia alikuwa anatazama. Mlinzi alikuwa anatazama.

"Kitandani," akasema.

Gizani nikasikia kamera inageuza shingo. Spika haikusema "dada". Ilisema, "Kushoto."

Nikasema kwa sauti ili isikike upande wa pili, "Mbu akitaka kutua sauti inashuka. Nikisikia nitagonga mbao ya kitanda. Ukisikia nimegonga, hesabu moja, bonyeza."

Mbu wa kwanza akaja, mmoja wa wale walioganda na kuamka, akazunguka, sauti ikashuka. Nikagonga. Upande wa pili kitufe kikalia.

Sekunde kadhaa. Kisha: "Nimempata."

Wa pili. Nikagonga. "Nimempata."

Wa tatu tukampata. Halafu spika ikauliza, taratibu, "Hili la sauti ulikuwa unalijua tangu lini?"

Ningeweza kusema nimeligundua jana. Nilikuwa nimefunga, nimelala chali gizani, mkono wangu kando ya chandarua unawaka kwa sabuni.

"Tangu siku ya kwanza."

Kwenye spika nilisikia kiyoyozi chake, nilisikia kiti kinazunguka na kuacha. Nikadhani ameondoka. Nikawaza, sasa ndiyo mwisho, na ni haki yake.

"Tuendelee," akasema. "Mkono. Kushoto kidogo."

Alhamisi, 22 Januari

Kumi na moja. Kila asubuhi ananiosha na kunusa.

Jumatatu, 26 Januari

Kumi na saba. Kizimba cha kumi na moja wametaga.

Jumatano, 28 Januari

Ishirini. V.M. 20. Daktari kaviweka vyote kwenye diski, kavifunga kwenye bahasha yenye pamba. Kamwambia Vaileth mbele yetu wote kwamba wafadhili wamemkubalia mafunzo ya miezi sita nje, kuanzia Aprili. Tukapiga makofi. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu ndani kitu kilikuwa kinaniuma na sikutaka kisikike.

Wakati wa kutoka nikamfuata pale anapotundika mwavuli. "Keshokutwa huenda ikawa Idi. Kama huna pa kwenda, njoo nyumbani. Kuna pilau."

Nikamwandikia njia kwenye kipande cha karatasi, Temeke, geti la bluu, uulize fundi friji. Kakichukua bila kukisoma.

Ijumaa, 30 Januari

Idi. Mvua ya rasharasha tangu swala.

Watu wamekuja na kuondoka, mawifi, majirani, watoto wa kutaka sikukuu. Niliweka sahani moja pembeni nimeifunika. Saa saba hakuja. Saa nane Kondo akasema niifunue niwape watoto wa jirani, nikasema subiri.

Saa nane na nusu geti likagongwa. Vaileth, gauni la kijani, mwavuli umepinduka kwa upepo, viatu tope tupu. Hakutabasamu. Hakunipa shikamoo.

"Sijakusamehe, dada Somoe," akasema palepale mlangoni. "Nataka ujue hilo kabla sijaingia. Nililia mwezi mzima nikidhani nina mkosi."

"Najua."

"Nimekuja kula tu."

"Karibu ndani."

Akanawa, akaketi mkekani, akala. Alikula kama mtu mwenye njaa ya kweli, sikumsemesha. Farida alikuwa amekaa mbali akimtazama, kisha akasogea, akasogea tena, mpaka magoti yakagusana. "Sista, ukibonyeza huku, kamera ya kule inajuaje?" Vaileth akafuta mkono, akachukua vijiko viwili na kamba ya kufungia mfuko, akaanza kumwonyesha: hiki ndicho kompyuta, hiki ndicho kamera. Mwanangu kafungua mdomo, macho hayapepesi. Kondo naye kasogea, kauliza swali, na jirani kasogea. Wote wamempa mgongo aliyepika.

Nikalisikia lile jambo lililokuwa likinipeleka chooni na kichupa likijinyoosha kifuani mwangu, zima kabisa, halijafa.

Nikanyanyuka, nikaenda jikoni, nikarudi na sufuria, nikamwongeza wali.